Kompyuta kwenye TV picha mbaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanakuja kwa sura tofauti ila ni yaleyale, mtu kaunga laptopu kwenye TV, picha imekuja, sauti imekuja, lakini akiangalia anajiuliza hivi hii ndo TV niliyoitolea hela yote ile? Kabla hujaenda kununua waya mwingine soma kwanza, maana mara nyingi waya hauna kosa, ni TV yenyewe inajifanya kuiboresha picha kumbe ndo inaiharibu. Na usipime kwa muvi, muvi inaficha mengi. Fungua Notepad, andika sentensi mbili tatu, sogea karibu na kioo uangalie herufi, ukweli uko hapo.

Majina ya menyu nayaandika kama yanavyoonekana kwenye kioo, ili usipate tabu kuyatafuta.

Kwenye laptopu picha safi kabisa, nikiweka kwenye TV inakuwa ukungu ukungu. Shida nini?

Kuna sababu mbili, moja wala sio ugonjwa. Laptopu ya inchi 15.6 yenye Full HD ina pikseli (zile nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080, na TV ya inchi 43 ya Full HD nayo ina pikseli hizohizo 1920 kwa 1080, haijaongezewa hata moja. Sasa kwenye laptopu zimebanana kama 141 kwa kila inchi, kwenye TV ni 51 tu, kwa hiyo kila nukta ni pana karibu mara tatu na ukikaa umbali ule unaokaa na laptopu lazima uzione. Rudi nyuma mita mbili hivi, kama ukungu umeisha basi hamna cha kutengeneza.

Ukirudi nyuma na bado herufi zina ukungu, hiyo ni sababu ya pili: picha inayotoka kwenye kompyuta hailingani na idadi ya pikseli za kioo, hivyo TV inalazimika kuivuta au kuibana ikae. Kioo cha flati hakibadiliki, kina idadi yake ya nukta kilizotoka nazo kiwandani basi. Kila ukiivuta picha herufi zinalainika, na karibu kila jibu huko chini linarudi kwenye jambo hilihili, hakikisha nukta moja ya kompyuta inakaa kwenye nukta moja ya kioo na TV isiiguse njiani.

TV yangu ya inchi 32 imeandikwa HD, kompyuta inakubali 1920x1080 lakini maandishi madogo hayasomeki.

Hii ndo kesi ya watu wengi sana, maana hizi inchi 32 zimejaa kila sebule. Boksi limeandikwa HD, pengine HD Ready, na ukweli ni kwamba kioo cha TV nyingi za aina hiyo kina pikseli 1366 kwa 768 tu. Lakini TV inapokea 1920x1080 bila kulalamika, na ukichomeka waya inaiambia kompyuta kabisa "mimi naweza 1080", kompyuta inaamini, Windows inaweka neno "Recommended" pembeni na wewe unaona mambo safi. Kumbe kule ndani TV inachukua mistari 1080 inaibana iingie kwenye 768.

Angalia herufi ndogo ya m kwenye Notepad. Ina miguu mitatu, kila mguu upana wa nukta moja. Ikibanwa hivyo mguu mmoja unakuwa mweusi vizuri, wa pili unakuwa kijivu, wa tatu unaungana na mwenzake, na ukiangalia m nyingine kwenye neno la pili imeharibika kwa namna tofauti na ya kwanza. Ukiona hivyo usipoteze muda, ni kubanwa huko.

Dawa: ingia Settings, System, Display, chagua ile TV alafu shuka kwenye rezolusheni, yaani idadi ya nukta za picha ("Display resolution"). Kama 1366x768 ipo chukua hiyo, kama ipo 1360x768 nayo sawa kabisa, unapoteza nukta sita tu za upana. Shida ni kwamba TV nyingi za hivi kwa HDMI zinatoa 1280x720 na 1920x1080 peke yake, hapo jaribu zote mbili uangalie herufi, kwa kusoma mara nyingi 720 inakuwa afadhali sababu hata kama inavutwa kidogo herufi zenyewe zinakuwa kubwa. Kama orodha ni fupi sana nenda "Advanced display", fungua "Display adapter properties" alafu "List all modes", kuna zilizojificha humo.

Na kama unanunua TV kwa ajili ya kompyuta, usisome neno HD kwenye boksi, uliza pikseli za kioo. Muuzaji akikwambia "inacheza mpaka 1080" hajajibu swali.

Nikiweka Duplicate TV inakuwa mbaya, nikiweka Extend inakuwa safi. Kwa nini?

Kwa sababu Duplicate inalazimisha vioo viwili vitumie rezolusheni moja. Laptopu yako ya 1366x768 inaiburuza TV ya Full HD mpaka chini huko. Bonyeza Windows na P, chagua "Second screen only" au "Extend", basi.

Pembeni pamekatwa, taskbar sioni, saa imeingia nje ya kioo.

Hapa tukae kidogo. Zile TV za chogo picha ilikuwa haitulii vizuri kwenye kingo, ikawa kawaida TV kuikuza picha kidogo ili kingo mbaya zijifiche nyuma ya fremu. Chogo zimeondoka, tabia imebaki mpaka kwenye flati za leo, ambazo hazina shida ile hata kidogo. Inaitwa overskani.

Tuseme TV yako inakata asilimia 5. Kwenye 1920x1080 hiyo ni nukta 48 kushoto, 48 kulia, 27 juu na 27 chini. Taskbar ya Windows 10 kwa kawaida ina urefu wa nukta 40, kwa hiyo zimebaki 13, ndo maana unaona vipande vya aikoni vinachungulia. Watu wengi wanaishia kulalamikia taskbar tu, wakati hasara kubwa iko katikati ya kioo: kile kilichobaki, nukta 1824 kwa 1026, kinavutwa kijaze kioo kizima, kwa hiyo kila herufi unayoisoma imevutwa. Ukitoa overskani unapata taskbar na maandishi yanakaa sawa kwa mpigo mmoja.

Inatolewa kwenye TV, kwa rimoti, sio kwenye kompyuta. Kila kampuni imeipa jina lake. LG tafuta "Just Scan" kwenye Aspect Ratio. Samsung za zamani ni "Screen Fit", mpya ingia Picture Size Settings uwashe "Fit to Screen". Sony ni "Display Area" uweke "Full Pixel". Sharp "Dot by Dot", Philips "Unscaled", Panasonic wanaandika wazi "16:9 Overscan" unazima. Hisense na TCL kagua kwenye menyu ya picha neno "Overscan". Zile TV zenye majina usiyoyajua, bonyeza kitufe cha "Zoom" au "Aspect" kwenye rimoti mara kadhaa ukiangalia kingo, ukifika pale taskbar inapotokea yote acha hapohapo. Kama hamna kabisa, nenda huko chini kwenye swali la nyekundu na bluu kuvuja, usome habari ya jina "PC".

Fundi mwingine atakwambia ingia kwenye draiva ya kadi ya picha upunguze picha kwa kitelezi mpaka kingo zitokee. Usifanye, labda umeshindwa kwingine kote, maana hapo kompyuta inaibana picha alafu TV inaivuta tena, yaani imeharibiwa mara mbili. Na kinyume chake kipo pia, picha ina fremu nyeusi pande zote, hiyo inatokea sana kwenye kompyuta zenye kadi ya AMD, ingia kwenye programu ya AMD tafuta "HDMI Scaling" urudishe 0.

Herufi zina kivuli cheupe pembeni, kama zimechorwa mara mbili.

Sharpness. Mtu anaona neno sharpness anafikiri ukiongeza picha inakuwa kali zaidi, kumbe TV inachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu cheusi ili jicho lidanganyike. Kwa uso wa mtu kwenye tamthilia inaweza ikapita, kwa maandishi ni balaa. Punguza taratibu ukiangalia herufi mpaka kile kivuli kipotee, kwenye Samsung mara nyingi unafika 0, kwenye Sony usishuke hadi chini sababu pale katikati kwenye 50 ndo haiongezi wala kupunguza, ukishuka chini ya hapo picha inaanza kuwa laini. Zima pia "Noise Reduction" na ndugu zake wote. "Dynamic" au "Vivid" ni mode ya dukani, imewekwa ili TV iwake kuliko ya jirani yake kwenye shelfu.

Maandishi meusi yako sawa, lakini nyekundu na bluu yanavuja.

Fanya jaribio, weka maandishi mekundu kwenye background ya bluu au nyeusi. Kama kingo za herufi zinamwagika, TV yako haipokei rangi kamili. Video karibu zote, kuanzia DVD mpaka za kustrimu, zinahifadhi mwanga kwa kila pikseli lakini rangi inahifadhiwa moja kwa pikseli nne, wanaiita 4:2:0, ni sawa na mchoro uliochorwa kwa kalamu nyembamba ukapakwa rangi kwa brashi nene. Kwa muvi huoni tofauti. Kompyuta inahitaji 4:4:4, kila pikseli na rangi yake.

Suluhisho lake wengi hawalijui na ni la ajabu kidogo: badilisha jina la ile HDMI kwenye TV liwe "PC". Kwenye Samsung nenda Source, simama juu ya HDMI unayotumia, chagua edit, weka PC. LG nayo unaingia kwenye orodha ya input unabadilisha aikoni iwe ya PC. Ukidhani ni jina tu umekosea, TV ikiona PC inazima maboresho yake mengi na kuanza kupokea rangi kamili, na mara nyingine hata overskani inaondoka yenyewe. Kwenye kompyuta angalia draiva ya kadi ya picha iwe RGB au YCbCr 4:4:4. Mac nayo wakati mwingine inaichukulia TV kama TV inaipelekea YPbPr, ukibadilisha jina la HDMI hivyohivyo inasaidia mara kadhaa.

Picha imepauka, nyeusi inakuwa kijivu.

Kompyuta inahesabu rangi kutoka 0 mpaka 255, dunia ya video inahesabu 16 mpaka 235. Kompyuta ikituma ya 16 huku TV inasubiri 0, nyeusi yako ni kijivu. Ikiwa kinyume, sehemu za giza zinazama zote, nywele na koti jeusi vinakuwa doa moja. Nvidia ina kawaida ya kuchagua hii finyu yenyewe ikiona TV ya 1080, ingia Nvidia Control Panel, "Change resolution", washa "Use NVIDIA color settings", kwenye "Output dynamic range" weka "Full". Kwenye TV tafuta "HDMI Black Level" au "Black Level" ucheze nayo mpaka ziongee lugha moja. Kama ilianza kupauka baada ya kuwasha HDR (ile ya mwanga na rangi pana zaidi) kwenye Windows basi zima HDR, kwa TV za bei ya kawaida haina faida kwenye desktop.

Nimeambiwa ninunue waya wa HDMI wenye dhahabu, utasaidia?

Kwa ukungu hapana. HDMI ni ya dijitali, waya mbovu haulainishi herufi wala haupaukishi rangi. Waya mbovu unajulikana: vinukta vinametameta kwenye sehemu nyeusi, picha inapotea sekunde mbili inarudi, au inaandika No Signal ukigusa kichwa. Ukiona hizo ndo ubadilishe, na kabla ya kubadilisha jaribu tundu lingine la HDMI maana mengi yanalegea kwa kuchomoa chomoa.

Kinachobadilika ni uwezo. Kizazi cha HDMI 1.4 cha mwaka 2009 kinapitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, 2.0 ya 2013 ni 18, na 2.1 ya 2017 ni 48. Kwa Full HD waya wowote mzima wa mita mbili unatosha, hata ule wa kwenye meza pale Kariakoo au Luthuli. Kwa 4K chukua ulioandikwa Premium High Speed, au Ultra High Speed kama una TV ya picha 120 kwa sekunde, zenye lebo ya kuskani kwa simu, sababu maneno "8K" yaliyochapwa kwenye plastiki mtu yeyote anaweza kuyachapa. Na ukizidi mita tano kwa 4K matatizo yanaanza, waya mfupi wa bei rahisi utaushinda mrefu wa gharama.

TV ni 4K, picha safi lakini mouse inavuta vuta.

Uko kwenye 30Hz. HDMI 1.4 inatoa 4K lakini picha 30 tu kwa sekunde, laptopu nyingi za zamani na adapta nyingi za bei chee zinaishia hapo. Angalia kwenye Advanced display. Kama kompyuta yako inaweza 60, TV nayo inabidi ifunguliwe, kila HDMI peke yake: Samsung "Input Signal Plus" au "HDMI UHD Color", LG "HDMI Ultra HD Deep Colour", Sony "HDMI signal format" uweke Enhanced. Nyingi zinatoka dukani zimefungwa. Kama kompyuta haiwezi, weka 1920x1080 kwa 60Hz, 4K ni hiyohiyo mara mbili kila upande kwa hiyo inavutika bila mabaki.

Mpira unaruka ruka ingawa intaneti iko vizuri.

Wenye vibanda umiza hili linawahusu. Mechi nyingi za Ulaya zinarushwa kwa picha 50 kwa sekunde, kompyuta inatoa 60, zile kumi za ziada zinajazwa kwa kurudia na jicho linaona mpira unagugumia hasa kamera ikifuata krosi. Weka 50Hz kwenye Advanced display wakati wa mechi, TV zetu huku zinaikubali. Ikiisha rudisha.

Natumia VGA.

VGA imekuja mwaka 1987 na kompyuta za IBM, ni ya analogi, kwa hiyo hapa waya unahusika kweli. Bonyeza "Auto Adjust" kwenye menyu ya TV, weka rezolusheni ya kioo, kaza skrubu mbili za pembeni. Kama kuna mistari inapanda taratibu kwenye picha, chomoa chaja ya laptopu uiache kwenye betri. Mistari ikiondoka shida ni umeme, ethi haipo au imegawanyika, chomeka TV na laptopu kwenye ekstensheni moja, kisha jaribu kuchomoa waya wa antena au dishi uone. Na ukiwa unapigwa na shoti ndogo ukigusa bati la laptopu ita fundi umeme, hilo sio suala la picha tena. Sauti VGA haibebi, tumia waya wa hedfoni.

TV yangu ni ya chogo, nimenunua kiboksi cha kugeuza HDMI kwenda AV, maandishi hayasomeki kabisa.

Hayatasomeka. Waya wa njano unabeba mistari 576 kwa PAL, tena rangi na mwanga vimechanganywa kwenye waya mmoja. Angalia muvi, sahau Excel. Kama picha imekuja nyeusi na nyeupe au inazunguka, pembeni ya kiboksi kuna swichi ya PAL na NTSC, weka PAL.

Desktop iko safi sana ila muvi ndo mbaya.

Basi TV haina kosa, ni faili. Muvi ya MB 300 iliyobanwa ipite kwenye flashi haiwezi kupendeza kwenye inchi 55, na YouTube ikiona bando linasuasua inashuka 480 au 360 kimyakimya, bofya gia uangalie. Netflix ukitumia brauza inaweza kukupa ubora wa chini kuliko app iliyomo kwenye TV yenyewe, na kwa 4K inataka mnyororo mzima uwe na HDCP 2.2 (kinga ya kuzuia video isinakiliwe), adapta moja ya zamani katikati inatosha kukushusha au kukuachia kioo cheusi chenye sauti.

Bila waya je?

Windows na K, unachagua TV, inafanya kazi, lakini picha inabanwa kama video kabla ya kutumwa kwa hiyo maandishi lazima yalainike, hamna setingi ya kuondoa hilo. Tumia waifai ya 5GHz kama TV inayo, ile ya 2.4 inagombaniwa na majirani wote. Kwa presentesheni ya picha kubwa na muvi inatosha, kwa kazi ya kusoma chomeka waya.

Laptopu ina USB-C tu, nimeweka adapta na hamna kitu.

Sio kila tundu la USB-C linatoa picha, mengine ni ya chaji na data tu. Angalia kama pembeni ya tundu kuna alama ya DisplayPort au ya radi, au tafuta modeli yako uone kama imeandikwa "DisplayPort Alt Mode". Kama haina, adapta nyingine ya aina ileile haitasaidia, utahitaji ile inayotumia draiva yake ya DisplayLink, nayo ni ya bei kidogo na inatumia prosesa, kwa kompyuta ya zamani utaisikia feni.